Muulize Fundi: Waifai Imejaa Lakini Kurasa Hazifunguki

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja, waifai ipo, taa za ruta, kale kaboksi kanakogawa waifai, zinawaka, lakini kompyuta ya nyumbani inasema tovuti haionekani. Nimechagua nne. Kama yako haimo soma za wenzio mpaka mwisho maana nyingi zimefanana na hizi.

Shikamoo fundi. Niko Tabora, nina kasteshenari nafanyia sebuleni kwangu, naprinti na nawajazia vijana maombi ya chuo na ya mkopo. Wiki ya tatu hii laptopu inaniandikia DNS_PROBE_FINISHED_BAD_CONFIG nikifungua Chrome, na simu yangu kwenye waifai hiyohiyo inaingia WhatsApp vizuri tu. Fundi wa mtaani akasema Windows imechoka, akapiga Windows upya kwa elfu ishirini na tano. Siku aliyonirudishia umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, uliporudi nikawasha ikafanya kazi siku mbili halafu ikarudi kulekule. Sasa anasema kadi ya waifai imekufa ninunue nyingine. Nishauri kabla sijatoa hela.

Marahaba dada yangu, na pole sana. Usinunue kadi. Kadi ya waifai ingekuwa imekufa laptopu isingeiona hata hiyo waifai yenyewe, sasa wewe unaunganisha vizuri kabisa, kadi inahusika vipi? Na hiyo elfu ishirini na tano inaniuma kwasababu kila mwezi napata barua ya mtu aliyepigiwa Windows upya, wengine mpaka picha za familia zimepotea humo, wakati tatizo halikuwa ndani ya kompyuta kabisa.

Iko hivi. Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la tovuti ya chuo lazima kwanza iulize mahali, jina hili namba yake ngapi, ikishapewa namba ndo inaenda. Ni kama simu yako, shangazi yuko hewani na we una salio la kutosha, lakini kama majina yote yamefutika kwenye simu na namba yake huna kichwani basi humpati, na wala sio kwamba mtandao ni mbovu. Hiyo kazi ya kubadilisha jina kuwa namba ndo inaitwa DNS. Zamani majina yote ya mtandao yalikuwa kwenye faili moja tu lililokuwa linatunzwa kule California na kila kompyuta inalikopi, mashine zilivyokuwa nyingi ikawa haiwezekani tena, ndo mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni huu utaratibu wa seva za majina, yaani kompyuta za kujibu maswali ya majina, tunaoutumia mpaka leo.

Sasa hayo maandishi ya Chrome usiyaone matusi, yanakupa habari kamili. Chrome ikikosa namba inajaribu kuuliza tena sehemu mbili, inauliza seva ya majina uliyopewa na ruta yako, na inauliza seva ya nje. BAD_CONFIG maana yake ya nje imejibu, ya kwako ndo iko kimya. Ingeandika NO_INTERNET maana yake zote mbili kimya, hapo unacheki bando kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ingeandika NXDOMAIN basi seva imejibu vizuri tu ila imesema jina hilo halipo. Kwahiyo dada, barua yako imeshajijibu yenyewe, njia ni nzima, anayeulizwa majina ndo kalala.

Lakini usiniamini kwa maneno, jaribu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter. Kitafunguka kidirisha cheusi. Andika ping 8.8.8.8 halafu Enter, hiyo ni namba ya seva ya Google ya majina, tunaitumia kwasababu karibu siku zote iko hewani na kwasababu ni namba, haihitaji kutafutiwa jina. Ukiona mistari inayoanza na Reply, intaneti unayo. Halafu andika nslookup na jina la tovuti yoyote unayojua inafunguka kwa wengine. Kama inakaa kidogo halafu inaandika DNS request timed out, umemkamata.

Nani sasa? Ruta. Ruta nyingi tunazotumia majumbani zikiigawia kompyuta namba zinaiambia pia, majina niulize mimi, halafu yenyewe inaenda kuuliza kampuni ya simu. Ni kakompyuta kadogo kale, kakikaa hewani siku nyingi au kakipata joto hiyo sehemu ya majina inaganda, mengine yote yanaendelea kama kawaida na taa zinawaka zote ndo maana hakuna anayekashuku. Umeme ulivyokatika mtaa mzima ruta yako ilizimika ikawaka upya, ndo ukapata zile siku mbili. Fundi wako akadhani ni Windows yake. Na kwake ilikuwa inafanya kazi kwasababu kule ilikuwa kwenye intaneti ya kwake. Simu nayo isikuchanganye, simu nyingi zikiona waifai haileti kitu zinarudi kwenye data ya laini kimyakimya, zima data kabisa halafu ujaribu tena hiyo WhatsApp uone.

Mwaka jana nilikuta hivihivi kwa shangazi yangu Kimara. Kila usiku kuanzia saa mbili watoto wanalalamika kompyuta haifungui na asubuhi inafungua. Nimekaa pale mezani napiga ping, Reply, Reply, Reply, Reply, nne zote. Napiga nslookup, kimya, timed out. Nikauliza ruta iko wapi nikaambiwa pale juu ya kabati la vyombo, naangalia naona kitambaa cha kufuma kizuri cheupe chenye maua pembeni, ruta iko chini yake imefunikwa isiingie vumbi, na nyuma yake kuna king'amuzi. Niliiweka mkononi ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Tukaitoa kitambaa, tukaisogeza dirishani, tukaizima dakika moja tukaiwasha. Mpaka leo hawajanipigia tena kwa hilo.

Kwahiyo dada, zima ruta yako, chomoa kabisa kwenye umeme, hesabu mpaka sitini, rudisha. Hiyo ni ya leo. Ili usiitegemee tena kwenye majina, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, Enter, bofya kulia kwenye Wi-Fi, chagua Properties, tafuta mstari wa Internet Protocol Version 4, ubofye mara mbili. Kule juu kwenye IP usiguse kitu, acha otomatiki. Chini weka alama kwenye Use the following DNS server addresses, kisanduku cha kwanza andika 1.1.1.1 cha pili 8.8.8.8, OK. Ya kwanza ni ya Cloudflare ya pili ni ya Google, zote ni bure na zinatumiwa na watu dunia nzima. Kama bado inasumbua baada ya hapo, kwenye orodha ileile kuna Version 6, ruta inaweza kuwa inaigawia kompyuta seva ya majina kwa mlango huo pia, toa alama hapo ujaribu.

Na kuna siku nyingine tatizo sio lako kabisa, usishike chochote. Kumbuka Jumatatu ile ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram vyote vilipotea kuanzia kama saa 12:40 jioni ya kwetu mpaka usiku wa manane. Walikuwa wanafanya matengenezo kwenye mtandao wao wenyewe, seva zao za majina zikakatika kutoka duniani, kompyuta zote zikawa zinauliza facebook.com iko wapi na hamna wa kujibu. Watu walizima na kuwasha simu zao usiku ule bila sababu. Kwahiyo tovuti moja ikigoma na nyingine zote zinafunguka, muulize kwanza mtu wa mji mwingine kama kwake inafunguka.

Mambo vipi fundi, mi wa Arusha. Nimeanzisha kakampuni ka kupeleka wageni mlimani, nimelipia jina langu la .co.tz na tovuti nimetengenezewa. Mteja wangu Ujerumani anaiona, mdogo wangu Moshi anaiona, mimi mwenyewe nyumbani kwangu naambiwa NXDOMAIN. Aliyenitengenezea ananiambia subiri tu. Nasubiri nini?

Poa kaka. Kakwambia kweli ila hakukueleza, na mtu aliyelipa hela yake ana haki ya kuelezwa.

Nadhani ulifanya wanachofanya wote wenye kitu kipya, ulianza kufungua jina kabla halijawekwa hewani, ukafungua asubuhi, ukafungua mchana, ukafungua usiku. Ile mara ya kwanza seva ya kampuni yako ya intaneti ilienda kuuliza ikajibiwa jina hili halipo, na hilo jibu la halipo nalo linatunzwa. Watu wengi hawajui hilo, wanajua namba ndo inatunzwa. Kumbe hata hapana inatunzwa, kwa muda uliopangwa na wanaosimamia .co.tz, na ule muda ukiisha ndo inaenda kuuliza upya. Mteja wako Ujerumani hajawahi kuuliza kabla, kwahiyo kwake liliulizwa mara moja tu, likiwa tayari lipo.

Muda wenyewe unaandikwa kwa sekunde, ukiona 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Hauwezi kuufupisha kwenye seva ya kampuni lakini kwako unaweza kufanya vitu viwili. Fungua kile kidirisha cheusi cha cmd andika ipconfig /flushdns, itafuta majibu yote yaliyotunzwa ndani ya kompyuta yako, halafu funga Chrome yote, sio tab moja, ifungue upya. Kama bado, andika nslookup, acha nafasi, jina lako, acha nafasi, 1.1.1.1. Hapo unairuka seva ya kampuni yako unamuuliza mtu mwingine kabisa. Akikupa namba basi jina lako ni zima na ni kusubiri kweli, au kubadilisha seva ya majina kama nilivyomwelekeza dada wa Tabora hapo juu, itafunguka sasa hivi.

Akikujibu na yeye halipo, usisubiri tena. Cheki uandishi kwanza, maana kuna watu wanaandika .com kwa mazoea wakati wamelipia .co.tz, na cheki kama inafunguka bila www kwasababu www ni jina la pembeni linalotakiwa kuandikishwa lenyewe na waliokutengenezea wanaweza kuwa wamelisahau. Hilo naliona sana. Mteja anaandika bila www anaingia, mwenye kampuni anaandika na www anakosa, wanabishana kwenye simu na wote wawili wako sahihi.

Kitu kimoja nakuomba, andika mahali tarehe ya kulipia jina kila mwaka. Jina lisipolipiwa linaondolewa hewani, na barua pepe zako za jina hilo zinakufa nalo siku hiyohiyo.

Fundi habari za kazi. Mimi ni mama wa Mwanza, kompyuta yetu ni ile ya mezani, ya siku nyingi. Luku ikiisha usiku, asubuhi nikiiwasha intaneti haifanyi kazi, Firefox inasema haipati tovuti, nyingine inasema sio salama. Baadaye kijana wangu akishika anairekebisha ila hasemi kafanya nini. Nataka nijue mwenyewe.

Nzuri mama, na hongera kwa kutaka kujua mwenyewe. Kesho ikitokea angalia pale chini kulia kwenye saa kabla hujagusa chochote. Nina hakika utakuta mwaka wa nyuma sana, na kijana anachofanya ni kurudisha tarehe.

Ndani ya kompyuta kuna kabetri ka duara kama sarafu, kameandikwa CR2032, kazi yake ni kukumbuka saa wakati umeme haupo. Kako kachoka. Tarehe ikirudi nyuma tovuti zote salama zinakataliwa kwasababu vyeti vyao, yaani vitambulisho vya kuthibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, vinaonekana havijaanza kutumika. Na kama kijana aliwahi kuweka ile setingi ya Firefox ya kuuliza majina kwa njia ya siri, ule ukali wa mwisho kabisa, basi hata kuuliza majina kunakwama, maana ile seva ya majina nayo inatakiwa ionyeshe cheti na kompyuta inakikataa, ndo unaambiwa haipati tovuti.

Nunua hicho kibetri, kinauzwa hata kwa mafundi saa. Chomoa waya wa umeme kabisa, fungua ubavu wa kompyuta, utakiona kimelala kwenye ubao mkubwa, kibanie kwa ukucha pembeni kinaruka, weka kipya maandishi yakitazama juu. Washa, rekebisha tarehe mara ya mwisho.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzee mstaafu, naishi Tanga na wajukuu. Tangu mwezi uliopita kompyuta zote mbili za hapa nyumbani tukifungua tovuti za kawaida zinaruka zenyewe kwenda kwenye matangazo ya kubeti. Mjukuu ameweka antivirasi, imesafisha, hakuna mabadiliko. Na juzi ukurasa wa benki ulifunguka ukiwa na rangi tofauti kidogo nikaacha. Je ni virusi gani hivi?

Waalaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Umefanya vizuri sana kuacha ule ukurasa, na naomba wewe na watu wote wa nyumba hiyo msifungue benki wala kuandika neno la siri lolote kwenye waifai hiyo mpaka tumalize hili. Mkihitaji benki leo tumieni simu kwa data ya laini, waifai imezimwa.

Kompyuta mbili kuugua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja, na antivirasi haioni kitu, mi nashuku ruta. Mtu au programu imeingia kwenye ruta ikabadilisha ile namba ya kuulizia majina. Sasa kompyuta zenu zikiuliza benki iko wapi zinamuuliza mwizi, naye anawapa namba anayotaka yeye. Jina juu ya brauza linabaki lilelile sahihi, ndo ubaya wake. Cha kukuokoa hapo ni brauza ikikupigia kelele kwamba ukurasa sio salama, ikisema hivyo kwenye benki usibonyeze kuendelea hata siku moja.

Hili jambo lina historia. Kulikuwa na virusi vikiitwa DNSChanger, vilibadilisha hizo namba kwenye kompyuta kama milioni nne katika nchi zaidi ya 100, na nyingine vilifika mpaka kwenye ruta. Novemba 2011 watu sita wakakamatwa Estonia. Lakini polisi wa Marekani, FBI, wakakutana na tatizo, wakizima zile seva za wezi watu wote walioambukizwa wataamka hawana intaneti. Ikabidi mahakama iruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile za wezi kwa miezi kadhaa watu wapate muda wa kusafisha, zikazimwa tarehe 9 Julai 2012.

Tufanye hivi. Mjukuu afungue cmd aandike ipconfig /all, atafute mstari wa DNS Servers. Kwa kawaida anakuta namba ya ruta yenyewe, ya kuanzia na 192.168, au za kampuni yenu ya intaneti. Akikuta namba ya ajabu aiandike kwenye karatasi. Akikuta ya ruta asifurahi bado, maana mwizi anaweza kuwa ameibadilisha ndani ya ruta kwa upande wa nje, kwahiyo aandike namba hiyo ya ruta juu kwenye brauza, aingie, aangalie DNS kwenye setingi za WAN, ule upande wa kampuni ya intaneti, na za DHCP, ule wa kuzigawia kompyuta zenu namba, zote mbili.

Kama jina na neno la siri la kuingilia ni lile lililobandikwa chini ya ruta, au admin na admin, basi hapo ndo walipopita. Kabla ya kufuta chochote piga picha kwa simu ya setingi zote za WAN, maana kampuni nyingine zinaweka jina na neno la siri humo, ukifuta bila kuyahifadhi utabaki bila intaneti mpaka uwapigie. Halafu kale katundu kadogo nyuma ya ruta kameandikwa Reset, ingiza njiti ya kiberiti iliyochongwa au pini, bonyeza mpaka taa zote zizime ziwake kwa pamoja. Ruta inarudi kama mpya. Kitu cha kwanza kabla hata ya waifai, badilisha neno la siri la kuingilia kwenye ruta, refu, sio jina la mjukuu. Zima ile inayoruhusu ruta kushikwa kutoka nje, mara nyingi inaitwa Remote Management. Ukiona sehemu ya kuongeza toleo jipya la programu ya ruta, weka.

Mwisho kompyuta zote mbili ipconfig /flushdns, historia ya brauza zifutwe, na aangalie kama kuna programu za nyongeza kwenye brauza ambazo hakuna anayekumbuka kuziweka, azitoe. Kisha mzee wangu ubadilishe maneno ya siri ya barua pepe na benki, na uende tawini kwako na ile karatasi yenye namba, uwaambie siku uliyoona ukurasa wenye rangi tofauti, waangalie kama kuna kilichojaribiwa kwenye akaunti yako kuanzia siku hiyo.